Kipimajoto cha Gari

Mwezi huu nilikusudia kuendelea na habari za kuwaachisha watoto ziwa kama nilivyoahidi, lakini uniwie radhi, niziweke kando hadi mwezi ujao. Jumapili mbili zilizopita, tulipokuwa tukitoka kwenye kikao cha akina mama, dada mmoja anayekaa Ipuli alinivuta pembeni chini ya mwembe akaniambia: “Dada, baba watoto anataka kununua ile mashine ya kupima magari. Ameiona kwenye simu, shilingi 380,000. Anasema tutakuwa tunatengeneza wenyewe nyumbani. Mimi naona ni kutupa fedha. Ninyi jambo hili liliwahi kuwapata, hebu nishauri.”

Kweli lilitupata, tena karibu litugombanishe. Sikuweza kumjibu pale kwa maneno mawili, na najua wako wengine wenye swali kama lake, kwa kuwa siku hizi nyumba nyingi zimejipatia kigari kilichotumika kutoka Japani. Basi namjibu hapa.

Gari letu ni Toyota IST ya mwaka 2004. Tulilinunua kwa mkopo, na tangu lifike Kitete halijawahi kuwa la kwetu peke yetu. Muuguzi mwenye gari ni gari la hospitali la mtaa mzima. Usiku mlango ukigongwa najua ni mtoto mwenye degedege au mama mwenye uchungu, na mume wangu hunyoosha mkono kuchukua funguo kabla hajavaa viatu.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, ile taa ya njano yenye umbo la injini ikawaka kwenye dashibodi. Gari likaanza kutetemeka likisimama, na kupanda mlima likawa linasitasita kama mtu mwenye kwikwi. Mafundi wetu husema “inamisi”. Tukalipeleka kwa fundi mmoja, ambaye sitamtaja. Alifungua boneti, akasikiliza, akatikisa kichwa. “Sista, hii ni kontroo boksi. Hakuna kingine.” Kontroo boksi iliyotumika ikaagizwa Dar es Salaam kwa shilingi 450,000, na ufundi 50,000. Jumla nusu milioni. Fedha hiyo ilikuwa ada ya binti yetu wa kidato cha tatu. Tulijiambia tutairudisha kabla shule haijafunguliwa.

Siku ya tatu taa ikawaka tena. Fundi akasema labda boksi tuliyoletewa nayo ni mbovu. Fedha hairudi, kama unavyojua: spea ya umeme ikishafungwa kwenye gari, muuzaji haipokei tena. Binti akabaki nyumbani wiki mbili wenzake wakiwa darasani, kila asubuhi ananiuliza, “Mama, ni leo?” nami sina la kumjibu. Na katika wiki hizo hizo, usiku mmoja tukiwa tumempakia jirani mwenye uchungu wa mimba yake ya nne, gari likazimika njiani, likakataa katakata kuwaka. Mimba ya nne haisubiri. Mungu alitusaidia ikapita bajaji, tukamhamishia humo, na mtoto akazaliwa dakika chache baada ya kufika. Nilirudi nyumbani alfajiri kwa miguu. Sikusema neno na mume wangu hakusema neno.

Ndugu yetu mmoja wa kwaya ndiye aliyetuelekeza kwa fundi mwingine, kijana tu. Kijana huyu hakugusa boneti kwanza. Aliinama chini ya usukani, akachomeka kidude kidogo kama kiberiti, akafungua swichi bila kuwasha injini, akatazama simu yake. “Mama, inasema P0302. Silinda namba mbili haichomi vizuri.” Nikamwuliza anabadilisha nini. Akacheka. “Bado sijui. Tutaiuliza tena.” Gari kama letu lina koili nne, kila silinda na yake. Akaichomoa koili ya silinda ya pili akaiweka kwenye ya tatu, na ya tatu akaileta kwenye ya pili. Akafuta ile namba, akawasha, akazunguka nalo mtaa mmoja. Aliporudi, simu ilisoma P0303. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na koili. Basi koili ndiyo mgonjwa.

Koili ya kutumika ilikuwa shilingi 45,000, kupima 20,000. Elfu sitini na tano. Piga hesabu mwenyewe dhidi ya nusu milioni, mimi nilishapiga, na usiku ule sikulala.

Sasa ndipo mume wangu alipochomwa moto na hamu ya kununua mashine. Si ile ndogo, bali ile kubwa ya kushika mkononi, yenye kioo na nyaya. Fedha ingetoka kwenye mgao wangu wa VICOBA. Nikakataa. Akasema, “Ungekuwepo mashine hii, mtoto angekwenda shule.” Neno hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa na ukweli. Lakini nami nilikuwa na hofu yangu. Mwenzangu huyu namjua. Ni mwalimu mzuri sana wa hisabati, ila redio yetu ya kwanza aliifungua kuitengeneza mwaka tuliooana, na vipande vyake viko kwenye boksi hadi leo.

Tulikaa siku kadhaa bila kuelewana. Kilichonifumbua macho ni kazi yangu mwenyewe. Zamani, nilipoanza uuguzi, kila mwenye homa tulimhesabu kuwa ana malaria, anapewa dawa, anakwenda. Wengi walipona kwa sababu kweli ilikuwa malaria. Wengine walikuwa na nimonia, au ugonjwa wa njia ya mkojo, na dawa tuliyowapa haikuwasaidia. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya dawa, na kile kipimo cha haraka cha tone la damu kimeokoa watu na fedha. Nikaona kumbe yule fundi wa kwanza alitibu homa bila kupima. Lakini nikaona na jambo la pili: mama mwenye kipimajoto nyumbani anayekimbilia dukani kununua vidonge kila joto likipanda ni hatari kuliko yule asiye na kipimajoto akaenda kituo cha afya. Kipimajoto hakitaji jina la ugonjwa, kinakuambia tu kwamba upo.

Na hiki kifaa ndivyo kilivyo. Marekani iliagiza kwamba magari yote mapya ya kuanzia mwaka 1996 yawe na soketi moja ya namna moja, yenye matundu 16, karibu na dereva, ili fundi yeyote aweze kuisoma kompyuta ya gari. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Nia yao ya kwanza ilikuwa moshi: walitaka gari lenyewe liseme linapoanza kuchafua hewa. Ndani ya gari kuna sensa zinazopima joto, hewa, petroli na moshi, na kompyuta ikiona kipimo kisicho cha kawaida huandika namba na kuwasha taa. Mafundi huiita namba hiyo kodi (si ile ya TRA, ingawa inauma vivyo hivyo). Herufi P ni ya injini na giaboksi, B ni ya bodi, C ya chasisi, U ya mawasiliano kati ya kompyuta za gari.

P0302 ni namba ya msema kweli, inakuonyesha hata silinda. Nyingine ni za mafumbo. Chukua P0171, ambayo inasema tu kwamba hewa ni nyingi kuliko petroli. Yaweza kuwa hozi imepasuka, sensa ya hewa imejaa vumbi (na vumbi la Tabora mwezi wa tisa unalijua), pampu ya petroli imechoka, au chujio limeziba. Asiyejua atanunua sensa ya bei kubwa, kumbe ni hozi ya elfu tano. Ndiyo maana nasema mashine pekee haizuii kutupa fedha. Yaweza hata kukufanya uzitupe kwa kujiamini zaidi.

Kwetu huku kubahatisha kuna gharama ya ziada, maana spea nyingi hutoka Dar es Salaam. Kungoja mzigo kutoka pwani si jambo geni Tabora. Mzee Livingstone alikaa pale Kwihara tangu mwezi Machi hadi Agosti mwaka 1872 akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Nikiwapeleka watoto kuliona lile tembe huwa nawaambia pia habari ya sanduku lake la dawa, lililoibwa na wapagazi mwaka 1867, akaendelea na safari za miaka bila dawa. Siku hizi basi linafika usiku huo huo, nashukuru, lakini kifurushi kikija na kitu ambacho siyo, umengoja bure na nauli ya mzigo umelipa.

Kuna mtego mwingine ambao wauzaji hawausemi. Magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe, si kwa kuuzwa Marekani wala Ulaya. Baadhi ya hayo, hasa ya miaka ya nyuma, yana soketi ile ile kwa umbo, lakini ukichomeka kifaa cha bei ndogo hayajibu, ni kama kumsemesha Mnyamwezi kwa Kijerumani. Letu lilijibu. Corolla ya jirani yetu, ya zamani kidogo, ilinyamaza kabisa, na kile kile kifaa kilikuwa kizima. Mafundi wakongwe hulisomesha gari la namna hiyo kwa kuunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, kisha wanahesabu taa inavyomweka. Usijaribu nyumbani. Tundu moja kati ya yale 16 lina umeme wa betri muda wote, na waya ukikosea mahali utaunguza usichokitarajia.

Kwa hiyo, dada yangu wa Ipuli, kabla hamjatoa hata senti, azimeni kifaa au mlipeni fundi akichomeke kwenye gari lenu hilo hilo. Likikataa, mjadala umekwisha kwa upande wa vile vidogo.

Kuhusu aina nitapita haraka. Kuna kile kidude kinachoongea na simu kwa Bluetooth, sisi tuliuziwa shilingi 35,000, na programu yake ya kuanzia ni ya bure. Kama simu ya baba ni iPhone aulize kwanza, maana vingi vya bei hiyo havipatani nayo. Kuna vya mkononi vyenye kioo kidogo, na kuna vile vikubwa vya mafundi vinavyosoma pia breki za ABS na mifuko ya hewa ya usalama. Vidogo kwa kawaida husoma injini tu. Familia yenye gari moja haina haja ya kikubwa, kama vile nyumba yenye watoto watatu isivyohitaji mashine ya eksirei sebuleni.

Linalonisumbua zaidi ni kitufe cha kufuta. Kila kifaa kinacho. Ukibonyeza, taa inazimika, moyo unatulia, na ugonjwa uko pale pale. Mama mmoja ninayemfahamu aliuziwa gari zuri lisilo na taa hata moja, na kabla wiki haijaisha taa ikawaka. Ilikuwa P0420, namba ya masega. Msomaji wa Tabora usifikirie asali: masega ninayosema ni kile kifaa kwenye bomba la moshi kinachosafisha hewa chafu, nacho kina madini ya thamani ndani, na wapo wanaoyanunua. Fundi fulani alikuwa amekwisha kuyatoa na kuyauza, wakaacha bomba tupu, na mwenye gari akafuta taa siku ya kuuza. Kifaa cha elfu 35 kingemsaidia huyu mama, kwa kuwa kompyuta iliyofutwa karibuni hujulikana: vipimo vyake vya ndani huonekana havijakamilika. Ukienda kutazama gari la kununua ukute hali hiyo, mwulize muuzaji alifuta nini. Nasi tukiuza letu, hatutafuta. Hilo tulikubaliana na mume wangu bila ubishi.

Ziko taa ambazo hazingoji kifaa. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo. Geji ya joto ikipanda, simama, na usifungue mfuniko wa redieta ikiwa ya moto. Maji yale yanaruka kama mvuke wa sufuria iliyofungwa, na uso na kifua vilivyoungua kwa njia hiyo nimevifunga bandeji mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Na ile ya njano ya injini, ikiwa inamweka badala ya kutulia, maana yake silinda inakosa kuchoma vibaya, na petroli mbichi inakwenda kuunguza masega. Punguza mwendo, tafuta pa kusimama. Wala asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, hata kama ni dakika moja ya kutazama tu. Waume zetu hawapendi kuambiwa hili. Mwambie.

Nilimwuliza yule fundi kijana kama angeudhika mteja akija na namba mkononi. Nilidhani atasema ndiyo. Akasema, “Mama, mimi nafurahi, ila asije kuniambia badilisha hiki. Aniambie ameona nini.” Nimelitia neno hilo moyoni, kwa kuwa hata sisi wauguzi tunampenda mama anayesema “joto lilikuwa 39 tangu saa mbili usiku” kuliko anayesema “mpe sindano”. Fundi ni mtu wa mtaani kwako, watoto wenu wanasoma pamoja. Ukimwendea na kifaa kama askari mwenye pingu, utapoteza fundi na hutapata gari zima. Hata yule wa kwanza siamini kwamba alitaka kutuibia. Alibahatisha, akaona aibu kusema hajui.

Mwishowe tulinunua, lakini siyo mashine ya shilingi 380,000. Tulinunua kile kidogo, na hatukununua peke yetu. Tulichanga nyumba tatu, elfu kumi na mbili kila moja, elfu moja iliyobaki ikanunua daftari. Kifaa kinakaa kwangu, kwenye kopo la biskuti, si ndani ya gari, maana kikiachwa kimechomekwa kinanyonya betri. Kila anayekitumia anaandika tarehe, kilomita, namba iliyotoka, na alichofanya fundi. Sharti langu kwa mume wangu lilikuwa moja: hakuna spea inayonunuliwa kwa namba peke yake, mpaka ithibitishwe kwa njia ya pili kama kijana yule alivyohamisha koili. Yeye naye akaweka lake, kwamba nisimtaje redio tena mbele ya wageni. Nadhani leo nimelivunja.

Katika miezi kumi na minne daftari lina mistari tisa. Mitatu ni ya kwetu. Mmoja ni ile P0171, na ilikuwa hozi kweli. Mume wangu aliiona mwenyewe kwa kurunzi, fundi akaibadilisha. Mstari mwingine taa ilikuwa imewaka kwa sababu betri ilichoka, haikuwa injini kabisa. Zipo safari mbili ambazo hatukusafiri, kwa kuwa tuliona namba tukaahirisha, na sijui kama tungefika au tusingefika. Binti yetu yuko kidato cha nne sasa, na ada ya muhula huu tuliilipa kwa wakati.

Dada wa Ipuli, kifaa kwa sasa hakipo nyumbani, kimeazimwa Cheyo hadi Ijumaa. Njoo Jumamosi baada ya saa nne, nikiwa nimetoka zamu ya usiku na kulala kidogo. Uje na gari lenyewe, na uje na baba watoto, maana lazima na yeye aone kama litajibu.